Kukaa ao Kuondoka: Pombe Ndani ya Nyumba Zetu Tangu Turudi

Maneno ya komite ya wamama mbele ya mkutano wa wanachama, Bweremana. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa. Tumetoa tu yale ambayo yangeonyesha nyumba ya mtu.



Tuliomba saa moja, tumepewa nusu saa juu ya mvua, kwa hiyo hatutazunguka. Kuna swali moja linaloletwa kwetu karibu kila wiki. Haliletwi hapa mkutanoni. Linaletwa jioni, na mtu anayesimama mlangoni na mtoto mgongoni, anayekataa kiti: "Bwana yangu anakunywa kupita. Nikae ao niondoke?" Leo tunataka kusema namna tulivyojibu swali hilo vibaya kwa muda mrefu, na namna tunavyojaribu kulijibu sasa. Mwishoni tutaomba mambo kadhaa, na moja linagusa mfuko wa chama, kwa hiyo msisinzie.

Wafadhili wanajua safari yetu kwa ripoti, lakini turudie kidogo. Februari 2024 vita ilifika Shasha, barabara ya Sake ikakatwa. Tukatawanyika. Wengine Minova, wengine kwa boti mpaka Goma, tukalala Bulengo, Lushagala, Mugunga, chini ya maturubai juu ya mawe ya volkano. Tarehe 3 Mei 2024 bomu zikaanguka kwenye kambi za Lac Vert na Mugunga. Tarehe 3 Oktoba boti iliyotoka Minova ikazama pale Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuja kupokea wageni wao. Januari 2025 vita ikapita Minova, Sake na Goma, na Februari kambi zikavunjwa. Tukarudi na sufuria na watoto. Tukakuta nyumba bila mabati, zizi bila mbuzi, na shamba la ndizi limekuwa pori.

Tunaanza na vita kwa sababu kila anayemtetea mlevi huanza nayo. "Ni vita njo ilimuharibu." Hatukatai. Mwanaume aliyekuwa na ng'ombe watano, leo anabeba bidoni za wengine ziwani, jioni anatafuta kitu cha kumlaza usingizi. Wengi walianza kambini, ambapo siku ilikuwa ndefu na chupa ndogo ilikuwa rahisi kuliko chakula. Lakini bibi yake alikimbia bomu lile lile, akalala juu ya jiwe lile lile, na asubuhi aliamka akatafuta kuni. Vita inaeleza kwa nini mtu alianza kunywa. Haiwezi kumwambia bibi yake afanye nini usiku wa leo.

Tuseme pia ukweli juu yetu wenyewe, kabla mtu wa nyuma kule hajausema kwa kucheka. Wapika pombe wa Bweremana wako hapa, na wengine ni wa komite hii. Kasiksi imelipa minervali za watoto wengi walioko kwenye masomo leo. Tunakamua ndizi, tunapata mutobe, tunaweka unga wa mtama, tunangojea, tunauza. Hakuna harusi bila kasiksi, hakuna kilio bila kasiksi, wazee hawafungui mdomo mbele ya koo la kukauka. Hatukuja kuipigia kasiksi vita. Kinachotumaliza ni kanyanga, na zile chupa ndogo za sapilo zinazouzwa kwenye kila kioski kwa bei ya vikombe viwili vya karanga. Kasiksi inamhitaji mtu akae, aongee, ajaze tumbo, aende kukojoa. Chupa ndogo inamwangusha mtu mbele ya jua kutua. Tanzania waliona jambo hilohilo na viroba, wakavikataza tangu tarehe 1 Machi 2017. Sisi hapa hatuna wa kukataza, basi tuongee.

Sasa, tulikuwa tunajibu namna gani?

Mama alikuja, tukamsikiliza, tukamwambia: "Vumilia, mama. Mwanaume ni mtoto. Ukiondoka, watoto utawaachia nani?" Kisha tukawaita wazee wa pande mbili. Mlevi akaletwa asubuhi kabla hajaanza, na asubuhi kila mlevi ni mtu mwema. Akaungama. Wazee wakamkata faini: kuku mmoja na bidoni mbili za kasiksi. Tukakaa chini ya mti, tukala kuku, tukanywa kasiksi, yeye katikati yetu, mwenye faini, akijaziwa kikombe kama bwana arusi. Ndugu zangu, tulimhukumu mlevi kwa pombe, tukainywa pamoja naye, tukaandika kwenye daftari kwamba nyumba imepatanishwa. Mnacheka. Na sisi tulicheka, siku tuliposoma daftari lile tena, lakini hatukucheka muda mrefu.

Kwa sababu ndani ya daftari lile kuna jina la mwenzetu ambaye tulimrudisha kwake mara tatu. Yuko hapa leo. Ametupa ruhusa tuseme, bila jina. Mara ya kwanza alikuja na jino limevunjika. Mara ya pili alikuja bila alama, akasema tu kwamba anaogopa, na sisi tukaona kuogopa si kitu. Mara ya tatu bwana alikuwa ameuza mabati tuliyowapa ya kujengea. Tukamrudisha. Wiki mbili baadaye alivunjwa mkono kwa mchi wa kutwangia sombe, akapelekwa kwa pikipiki hospitali usiku, na motari mwenyewe ndiye aliyetoa franga za kwanza. Mkono ule haunyooki mpaka leo, mtamwona akipiga makofi. Tulipokwenda kumtembelea tukiwa na machungwa, aliangalia ukuta, akasema: "Niliwauliza ninyi juu nilizania munajua."

Hatukuwa tunajua. Tulikuwa tunaogopa. Tuliogopa kusemwa kwamba chama kinavunja ndoa, tukaogopa wababa watatoka, na tukaogopa jambo lingine ambalo tutalifikia tukisema juu ya wafadhili.

Tangu siku ile tumeacha kujibu swali. Siyo kwamba tunamfukuza anayeuliza. Tunamkalisha, tunamwambia kwamba kukaa ao kuondoka ni neno la kinywa chake mwenyewe, hata bibi ya shefu haliwezi kulisema kwa ajili yake. Sisi tunamuuliza maswali, kwa polepole, hata kama itachukua siku tatu.

La kwanza ni la usiku huo. Utalala salama? Watoto watalala salama? Hapa hatuongei juu ya ndoa kabisa. Kama kuna panga ao kisu, kama ametishia kuua, kama anapiga watoto, kama alikukaba shingo hata mara moja, tunatafuta pa kulala kwanza. Tunasisitiza juu ya shingo. Wanaofuatilia mauaji ya wanawake katika nchi nyingi wameona kwamba mwanaume aliyemkaba bibi yake ni hatari kuliko mwenye kelele za kila siku, hata akilia na kupiga magoti asubuhi. Na wameona tena kwamba wakati wa hatari kubwa ni pale mwanamke anapoondoka. Kwa hiyo anayetaka kuondoka nyumba ya namna hiyo asitangaze mbele ya kabare. Asitishie "nitaondoka" mara kumi. Aseme kwa watu wawili anaowaamini, atoe kadi ya mpiga kura, kadi za chanjo za watoto, na karatasi za masomo, kidogo kidogo, chini ya nguo za kufua. Chama kina sanduku la bati lenye kufuli. Mtu akileta bahasha, hatumuulizi ni ya nini.

La pili ni la mfuko. Nani anaona franga kwanza? Kuna nyumba ambapo bwana anakunywa kila Jumamosi mpaka anaimba, lakini mfuko uko kwa bibi, watoto wako masomoni, hakuna anayepigwa. Mama wa nyumba ile anaweza kuchoka, ana haki ya kuchoka, lakini ana nafasi ya kungoja na kuangalia. Kuna nyumba nyingine ambapo hakuna kelele kabisa, bwana ni mpole, analia akilewa, na jembe limeuzwa, chumvi imeuzwa, mpaka mbegu za maharagi tulizogawa zimeuzwa kwenye kioski siku ileile. Mpole yule anaua watoto kwa njaa polepole. Watu wanamhurumia juu hapigi.

La tatu ndilo linalotuchukua muda: amefanya nini? Hatuulizi ameahidi nini. Ahadi tunazijua, tunaweza kuziimba. Tunauliza, tangu mara ya mwisho alipoomba msamaha, kitu gani kimebadilika ambacho jirani anaweza kukiona? Amekwenda kituo cha afya? Ameacha kupita njia ya kabare? Amempa bibi mshahara wa juma? Ama ameleta tu kitenge?

Hapa turuhusuni tuseme neno juu ya ugonjwa, juu wamama wengi wanajilaumu. Wanasema: "Labda ningepika vizuri. Labda ningekuwa na mdomo mdogo." Marekani, mwaka 1951, Lois Wilson, bibi ya mmoja wa wale wawili walioanzisha mwaka 1935 chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, alianzisha na wenzake vikundi vya watu wa nyumba za walevi, vinaitwa Al-Anon. Bwana yake alikuwa ameisha kuacha pombe. Lakini yeye aliona kwamba wabibi waliokuwa wakingojea nje ya mkutano, ndani ya magari, walikuwa na mzigo wao. Wazo moja linalofundishwa mule limetusaidia sana hapa Bweremana: hukuusababisha ulevi wake, huwezi kuutawala, wala huwezi kuuponya. Mama mmoja tulipomwambia hivyo alikaa kimya, kisha akauliza: "Sasa miaka yote ile nilikuwa nafanya nini?" Hatukuwa na jibu.

Na kama hukuusababisha, huwezi kuukomesha kwa kumfungia mtu ndani. Tumeona mama aliyefanya hivyo kwa nia njema. Mtu aliyezoea kanyanga kila siku kwa miaka akikatwa ghafula, mwili unageuka. Ndani ya siku moja anatetemeka na kutoka jasho, anaweza kuanguka kifafa, na siku ya pili ao ya tatu anaweza kuona vitu visivyokuwapo na kuchanganyikiwa. Watu wanasema ni pepo ama ni kulogwa. Ni pombe inayotoka, na inaweza kuua. Mtu wa namna hiyo anapaswa kuachishwa mbele ya muganga wa hospitali, kwa dawa, na vitamini B1. Tuna hospitali ya Kirotshe karibu. Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, cha Mabruda wa Upendo, na Bukavu kuna Sosame, vyote vinatunza magonjwa ya akili na watu waliotekwa na pombe. Maombi tunayapenda, tuombe pia, lakini tuombe tukiwa kwenye foleni ya hospitali. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilisema katika ripoti yake ya Juni 2024 kwamba pombe iliua watu milioni 2.6 katika mwaka 2019 peke yake. Hakuna aliyeandika kwamba hao wote walilogwa.

Tuna mwenzetu aliyekaa. Tunapenda habari yake kwa sababu haikuwa rahisi. Alimpa bwana muda, lakini hakuhesabu kwa miezi, alihesabu kwa shamba: kutoka kupanda maharagi mpaka kuyavuna. Akamwambia mbele ya kaka mkubwa wa bwana, wakati wa asubuhi, bila matusi. Siku zile hakukaa akingojea. Alihamisha akiba yake ya AVEC kwenye sanduku la kikundi kingine, akaandikisha ndoa yao ku leta, akamwomba shangazi yake chumba. Yaani alitayarisha mlango wa kutokea huku akiwa bado ndani. Bwana alikwenda kituo cha afya, akaacha majuma matano, akaanguka, akaacha tena, akaanguka siku ya matanga ya rafiki yake. Maharagi yalipokauka, mama alihamia kwa shangazi kweli. Bwana hakuamini. Alimfuata huko siku ishirini na mbili, kila asubuhi, bila kunuka pombe, akimletea maji kwenye bidoni ya njano, akiweka mlangoni, akienda zake. Amerudi nyumbani sasa. Tunaposema hivi, bwana hanywi. Mama mwenyewe ametuagiza tusiseme "amepona." Tuseme "hanywi," na chumba kwa shangazi bado hajakirudisha.

Tuna mwenzetu aliyeondoka pia, na habari yake nayo si ya wimbo. Aliondoka na watoto watatu, akaacha shamba. Hapo ndipo pagumu. Kwa mila yetu shamba ni la ukoo wa bwana. Mwanamke analilima, analipalilia, analijua kila jiwe, na siku anayotoka anatoka na jembe, kama jembe ni lake. Kwa baba yake, kaka zake wamekwisha kugawana. Watoto wanasemwa ni wa mwenye kutoa mbuzi. Na mbuzi wenyewe! Bwana anaweza kuja kudai mahari, kwa hiyo kaka anayempenda dada yake kabisa anamwambia, "Rudi," kwa sababu mbuzi walisha kuliwa, ao walisha kumwolea yeye bibi. Mwenzetu yule leo anauza sambaza, anakodi chumba, mtoto wa kwanza alirudi kwa baba yake kwa hiari. Anasema mambo mawili kwa pumzi moja: analala usingizi, na analia juu ya mtoto. Akiulizwa kama alifanya vizuri, anajibu: "Nililala." Anayemtaka aseme zaidi amwulize mwenyewe sokoni, na anunue samaki.

Kuna baba mmoja naye alikuja, tusifiche. Bibi yake anapika kanyanga na kuionja mpaka inaisha. Aliona haya kuliko mwanamke yeyote tuliyempokea. Tulimuuliza maswali yaleyale.

Juu ya karatasi. Tunajua tribinali hazifanyi kazi kama zamani tangu Januari 2025, na tunajua hakuna mwenye dola za avoka. Bado, mjue sheria, kwa sababu siku moja zitafunguka na kwa sababu hata shefu anabadilisha sauti akiona mtu anajua. Sheria ya jamaa ya nchi yetu ni ya mwaka 1987, na ilibadilishwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Zamani mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya bwana kwenda mbele ya mahakama. Mabadiliko ya 2016 yaliondoa hiyo. Talaka inatolewa na tribinali tu, ambayo inapaswa kwanza kujaribu kupatanisha, kisha kuona kama ndoa imevunjika kabisa. Wazee wanaweza kutenganisha watu, hawawezi kutoa talaka ya leta. Ndoa ya kimila inapaswa kuandikishwa. Wengi wetu hatukuandikisha, tukisema karatasi ni ya nini, na siku ya matata bibi wa miaka kumi na tano anaulizwa, "Wewe ni nani wa mtu huyu?" Na kama hamkuchagua namna nyingine siku ya kufunga ndoa, mali mliyoipata pamoja ndani ya ndoa ni yenu wawili. Mabati yale yaliyouzwa, mwenzetu wa mkono alikuwa na sehemu yake ndani. Kupiga mtu, hata bibi yako, hata ndani ya nyumba yako, ni kosa, na Katiba ya 2006, kifungu cha 14, inaiambia serikali ipigane na jeuri kwa wanawake hata ndani ya maisha ya nyumbani.

Sasa neno kwa wafadhili, na tunawaomba mlipokee kama kwa ndugu. Katika karatasi moja tuliyokuwa tunajaza kila miezi mitatu kuna mstari unaouliza: ndoa ngapi zimepatanishwa? Tulitaka namba iwe kubwa, juu namba kubwa ilileta awamu ya pili. Yule mwenzetu wa mkono yuko ndani ya namba ile. Yuko mara tatu: tulimhesabu kila tulipomrudisha. Mtu wa mradi hakutulazimisha, sisi wenyewe tulipenda mstari ule. Tunaomba ufutwe. Mkitaka kuhesabu, hesabuni watu waliolala salama, hesabuni watoto walioko masomoni, wa nyumba zilizokaa pamoja na za waliotengana. Na mtulipie nauli ya wagonjwa wa pombe mpaka Goma, ambayo mpaka sasa hakuna mradi wowote uliyoiandika, wakati semina za hoteli zinaandikwa vizuri sana.

Kwa wanachama tunaomba haya. Mikopo ya mfuko wetu ilikuwa inatolewa kwa mwenye nyumba, sahihi moja. Banki nyingi za Goma zilifunga Januari 2025, watu wengi hawana pengine pa kukopa, na dola arobaini za chama zinaweza kuwa mtaji mzima wa nyumba. Tunaomba sahihi mbili, ya bwana na ya bibi, na franga zihesabiwe mbele ya wote wawili. Faini ya pombe iondolewe kabisa kwenye mapatano. Atakayekosa alete jembe ao mbegu kwa aliyeumizwa. Halafu tunaomba mfuko mdogo wa mbuzi. Mwanamke ambaye ukoo wake unakataa kumpokea kwa sababu ya kuogopa kudaiwa mahari, chama kiukopeshe ukoo ule mbuzi wawili, wailipe polepole kwa vizazi vya mbuzi. Tunasema hivyo kwa sababu kuna mwenzetu sasa hivi, tunapoongea, ambaye kaka yake amemwambia wazi: "Ungekuja leo, lakini mbuzi sina." Anarudi kila jioni kwenye nyumba ambapo panga liko chini ya kitanda. Bado hajaamua. Anaweza kuamua kukaa, tutakuwa pamoja naye. Lakini leo hana la kuamua, ana mlango mmoja tu.

Tuliposema hayo mvua ilikuwa imeanza, watu wakasogea chini ya veranda, na maswali yalikuwa mengi. Tunaandika machache.

Baba mmoja aliuliza kama sahihi mbili si kuwatukana wababa wasiokunywa. Baba mwingine, mzee, alimjibu kabla yetu: yeye hanywi, na franga za mbegu bibi yake ndiye anayezitunza tangu 1994, hajaona tusi. Kijana aliuliza kwa nini hatufungi vioski. Tulimwambia kioski cha kwanza kingekuwa cha mama yake, akanyamaza, tukacheka wote, mama yake pia. Mama mmoja aliuliza: mtu akirudi kwa bwana baada ya kuondoka, je, chama kitamkasirikia? Hapana. Wengi wanaondoka na kurudi mara nyingi mbele ya kuamua kweli, na kila mara atakuta mlango wetu uko wazi na hatutamwambia tulikuambia.

Kisha tulipiga kura. Sahihi mbili: imekubaliwa, inaanza na mikopo ijayo. Faini bila pombe: imekubaliwa, ingawa wazee wawili waliomba kuku abaki, tukamwacha kuku. Mfuko wa mbuzi haukupita. Wababa wanne na wamama wawili walisema chama kitakuwa kinalipa ili ndoa zivunjike, na watu watakuja kwa mbuzi hata bila shida. Tuliheshimu. Jambo limewekwa kwa mkutano wa mwezi ujao, hapahapa, saa tatu asubuhi, na tunawaomba waliokataa waje na wazo lao la namna gani kaka yule atafungua nyumba. Anayetaka kuona komite mbele ya siku hiyo, mtujue mnajua, kwa saa yoyote, hata bila kukaa kwenye kiti.